Dakika Zinazopotea Kati ya Betri na Tairi

Karibu kila mwenye gari la rimoti anayeniuliza kuhusu betri huanza hapo hapo: ninunue betri ya ukubwa gani ili gari lidumu zaidi uwanjani? Swali hilo mimi huliweka mwisho. Kabla umeme haujafika kwenye tairi hupita kwenye plagi, waya, kidhibiti mwendo, mota, gia na beringi, na kila kituo hukata fungu lake. Makato hayo yakipunguzwa, betri ile ile hutoa dakika ambazo ulikuwa tayari kuzilipia dukani. Hapa chini ni maswali ninayoulizwa, na majibu yangu.

Fundi, nina Tamiya TT-02 yenye mota yake ya 540, na betri ya nikeli ya volti 7.2, miliampea-saa 3000. Linakwenda dakika 15 hivi, kisha linachoka. Nikinunua betri ya 5000 nitapata dakika ngapi?

Kwa hesabu ya haraka, 25. Lakini kabla hujatoa pesa, tazama hizo 15 zinakwambia nini. Ampea-saa 3 zikiisha ndani ya robo saa, gari linakula ampea 12 kwa wastani. Mota ya kawaida ya 540 kwenye volti 7.2 hula kama ampea 2 na nusu ikizunguka bila mzigo. Hali yake bora ni karibu na ampea 13, mizunguko ikikaribia 20,000 kwa dakika. Ukiizuia isizunguke kabisa, hupanda hadi kama ampea 70. Na hata hapo penye hali bora, theluthi mbili tu za umeme ndizo zinazogeuka kuwa mwendo. Zilizobaki ni joto, na ndiyo maana mota inakuwa ya moto ukiishika baada ya kuendesha.

Wastani wa ampea 12 ni wa kawaida kwa anayekanyaga na kuachia kila baada ya mita chache. Ila kama unaendesha kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa kutulia, na bado unapata 15, basi kuna kitu kinachokula umeme bila faida, na betri kubwa itaenda kukilisha hicho hicho.

Fanya jaribio hili. Jaza betri, endesha dakika 10 kamili mahali pako pa kawaida, iache ipoe, kisha irudishe kwenye chaja na usome imepokea miliampea-saa ngapi. Ikipokea 2000, umekula ampea 12 kwa wastani. Kwa betri ya lipo (lithiamu-polima) namba hiyo ni ya kuaminika. Betri ya nikeli hupokea zaidi kidogo ya ilichotoa, kwa hiyo ilinganishe na yenyewe tu. Iandike. Kisha badilisha kitu kimoja, kimoja tu, urudie. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilisaidia.

Chaja yangu ina taa nyekundu na ya kijani tu, haionyeshi namba.

Basi tumia saa na njia ile ile kila mara, mpaka gari lipunguze mwendo waziwazi. Lakini nakushauri kwa moyo wote: kama una pesa ya kitu kimoja mwezi huu, nunua chaja yenye kioo kabla ya betri. Inakuonyesha kilichoingia, inajua betri ya nikeli imejaa lini, na husawazisha seli za lipo. Nyingi pia hukubali kulishwa na betri ya gari ya volti 12, jambo la maana sana umeme wa nyumbani ukikatika au uwanja ukiwa mbali na soketi.

Nitajuaje umeme unapotelea wapi, wakati sina vifaa vya maabara?

Mikono yako inatosha. Toa gia ndogo ya mota (pinioni), au legeza mota ijitenge na gia kubwa, kisha sukuma gari kwenye sakafu laini. Linatakiwa kuteleza mbali na kusimama polepole. Likisimama ghafla, nyanyua na uzungushe tairi moja moja, ukisikiliza. Sauti ya kusaga ni mchanga, na tairi inayokwama sehemu moja kila mzunguko ina shafti iliyopinda au nywele zilizojiviringisha kwenye ekseli. Anayeendesha karibu na ufuo afungue mara nyingi zaidi: mchanga laini ukichanganyika na grisi husaga plastiki, na chumvi hula chuma cha beringi.

Kwenye TT-02 mshukiwa wangu wa kwanza ni bushi za plastiki zinazokuja na boksi. Ni gari la magurudumu manne lenye shafti katikati, hivyo sehemu zinazozunguka ni nyingi, na kila bushi inashika kidogo. Weka beringi za chuma zenye gololi. Ukubwa unaotumika zaidi ndani yake ni milimita 5 kwa 11 kwa 4. Kwa bei yake sijui badiliko jingine linalorudisha dakika kwa uhakika namna hiyo, na hudumu hata ukibadilisha mota baadaye.

Kisha tazama gia zinavyokutana. Kwenye magari ambayo mota inasogezwa, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, bana, kaza skrubu, kisha itoe. Nafasi inayobaki inatosha. Gia zilizobanana hulia, hupata moto na hula betri. Zilizolegea sana hukatika meno. Mwisho tazama tairi za mbele kutoka juu. Zikiwa zimegeukiana au kuachana kupita kiasi zinaburuzwa, na mpira utakuonyesha kwa kulika upande mmoja.

Niliweka pinioni kubwa ili gari likimbie zaidi. Kwenye lami ni raha, lakini kwenye nyasi haliendi mbali na mota haishikiki kwa moto.

Hapa ndipo wengi wanapopotezea dakika zao. TT-02 hutoka kiwandani na pinioni ya meno 22 na gia kubwa ya meno 70. Ukijumlisha gia za ndani, mota inazunguka mara 8.27 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Ukiweka meno 25 inashuka hadi 7.28. Mota sasa inatakiwa kusukuma kwa nguvu zaidi, karibu asilimia 14, kwa kila hatua ya gari. Ni sawa na bodaboda kupanda mlima kwa gia ya nne: injini inaguguma, mafuta yanakwenda, mwendo haupo.

Kwenye lami mota inafika kwenye mizunguko yake mizuri na unasahau tatizo. Kwenye nyasi haifiki. Inabaki chini, inavuta ampea 30 au zaidi, na sehemu kubwa ya hizo inaishia kuwa joto. Rudi meno 22 kwa nyasi na mchanga. Utapoteza mwendo wa juu ambao kwenye nyasi hukuwa ukiufikia hata hivyo.

Kipimo chake ni joto. Endesha dakika 5, simama, gusa mwili wa mota. Ukiweza kuweka kidole sekunde kadhaa, uko salama. Ukikitoa mara moja, punguza jino moja au mawili. Wanaoshindana walilijua hili zamani: mashindano ya magari madogo ya 1/12 yalikuwa ya dakika 8, na kwa betri za nikeli-kadimi za miaka ya 1980 aliyeweka gia ndefu mno alikuwa na gari la kasi lililoishiwa kabla ya kengele. Hesabu ya pinioni ilikuwa hesabu ya kumaliza.

Je, ni kweli betri ya lipo inadumu zaidi ya nikeli?

Ni kweli, kwa sababu tatu. Kwanza, akiba: betri ya nikeli ya 3000 kwenye volti 7.2 ina wati-saa 21.6, na lipo ya seli mbili ya 5000 kwenye volti 7.4 ina 37, tena mara nyingi ikiwa nyepesi. Pili, volti zake hazishuki haraka ukikanyaga. Tatu, haijimalizi yenyewe kabatini. Nikeli ya kawaida iliyojazwa Jumapili iliyopita si kamili tena Jumapili hii.

Lakini lipo haisamehe. Seli iliyojaa ina volti 4.2, na isishuke chini ya 3.0 hata mara moja. Kidhibiti mwendo chako lazima kiwe na ulinzi wa kukata umeme kwa ajili ya lipo, na uwe umewashwa. Kikikata kwenye 3.2 au 3.3 kwa seli ni vizuri zaidi. Soma kitabu chake. Kama ulinzi huo haupo, baki na nikeli au nunua kengele ndogo ya volti inayochomekwa kwenye waya wa kusawazishia. Chaji kwa kiwango cha 1C, yaani ampea 5 kwa betri ya 5000, juu ya sakafu ya saruji au vigae, nawe ukiwepo. Iliyovimba haina tiba. Usiitoboe, usiichaji tena.

Ile namba ya C, 50C au 100C, inaongeza dakika?

Hapana. Inasema betri inaweza kutoa ampea ngapi, na lebo nyingi hujisifu. Betri ya 5000 yenye 30C za kweli inaweza kutoa ampea 150, ambazo mota yako ya 540 haitazifikia kamwe. Kinachohusu dakika ni ukinzani wa ndani, ambao chaja nzuri hukuonyesha kwa miliomu. Betri ya miliomu 20 ikitoa ampea 30 hupoteza volti 0.6 na wati 18 ndani yake yenyewe. Betri ikizeeka namba hiyo hupanda, na ndiyo sababu gari la mwaka juzi linaonekana kuchoka ingawa betri bado inajaa.

Plagi nyeupe ya Tamiya huwa ya moto baada ya kuendesha. Ni kawaida?

Ya vuguvugu, sawa. Ya moto, hapana. Huo ni umeme uliolipia na haukufika kwenye mota. Pini zake hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Badilisha zote mbili, ya betri na ya gari, uweke XT60. Ukilehemu upande wa betri, shughulika na waya mmoja mpaka uumalize na kuufunika kabla hujagusa wa pili. Nyaya mbili za lipo zikigusana zinaweza kukuchoma kabla hujajua kilichotokea.

Nikiunganisha betri mbili sambamba?

Lipo mbili za aina moja, umri mmoja na volti zile zile, inawezekana. Zikipishana volti, moja itajimwaga kwa nguvu ndani ya nyingine. Nikeli usijaribu. Mimi binafsi siipendi hata kwa lipo, kwa sababu gari dogo likibebeshwa betri ya pili linakula zaidi kila linapoondoka. Beba ya akiba mfukoni, mota nayo ipate nafasi ya kupoa kati ya raundi.

Naishi Njombe. Asubuhi za Juni betri inaisha upesi kuliko mchana.

Baridi hupunguza kasi ya kemia ndani ya seli, volti hushuka, na kidhibiti hukata mapema ingawa akiba bado ipo. Weka betri ndani ya koti mpaka dakika ya kuondoka. Usiipashe kwa moto wala jua la kioo cha gari.

Ndugu yangu anatoka Dubai, nataka aniletee lipo. Atazuiwa uwanja wa ndege?

Betri ya ziada isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini. Zidisha volti kwa ampea-saa: 7.4 kwa 5 ni 37, hivyo ipo ndani. Ncha zifunikwe kwa tepu, na aulize shirika lake idadi inayokubalika. Akiwa nayo nyumbani muda mrefu, aiache kwenye volti 3.8 kwa seli. Lipo iliyowekwa imejaa miezi mitatu hupoteza uwezo ambao hautarudi.

Binti yangu ana miaka minane. Betri inaisha kabla hajachoka, naye hulia. Nimeshabadilisha beringi.

Tazama anavyoendesha. Watoto hukanyaga mpaka mwisho, hufunga breki, hugeuka, hukanyaga tena. Kufikisha gari mwendo mara mbili kunahitaji nishati mara nne, na kila breki huitupa karibu yote. Rimoti nyingi zina kitufe au menyu ya kupunguza kiwango cha juu cha mota. Kiweke asilimia 60. Gari litakuwa la kasi ya kumtosha, litagonga kuta kidogo, na dakika zitaongezeka kuliko betri yoyote ambayo ungemnunulia. Kisha chora duara kubwa kwa chaki au panga chupa tupu, umfundishe kuachia kabla ya kona na kulipitisha bila breki. Fanya jaribio la dakika 10 naye, yeye asome namba ya chaja. Akishaona inashuka kwa sababu ya vidole vyake mwenyewe, mpandishie hadi 70.