Mabasi ya Shinyanga na Geita: Anayenunua gari hununua zamu

Wafanyabiashara wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanapopata faida kidogo katika mpunga, pamba au dhahabu, huwa na wazo moja la mahali pa kuiweka: kununua Hiace au Kosta na kuiingiza barabarani. Wazo hilo si baya. Magari huonekana yakijaa asubuhi, konda huonekana akihesabu noti, na rashi ya dhahabu inapotokea watu husafiri kwa mamia. Linalosahaulika ni kwamba abiria wa asubuhi si mali ya mwenye gari. Ni mali ya foleni ya stendi, na foleni hiyo ina taratibu zake.

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, serikali ya eneo ndiyo inayochora njia za mabasi vitongojini, ndiyo inayotoa ratiba, na nauli isipotosha, pengo hulipwa kwa fedha za kodi. Basi la saa nane mchana hutembea hata likiwa na abiria watatu. Kanda ya dhahabu haina wa kulipa pengo hilo. Enzi za mashirika ya umma, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, ilibeba abiria wa mikoani kwa nauli ya serikali na hasara ilikuwa ya shirika. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam sambamba na UDA, ndipo likazaliwa jina la daladala, kutokana na nauli ya shilingi tano iliyoitwa dala. Soko likafunguka, na hasara nayo ikahamia kwa mwenye gari.

Hii haina maana kwamba kila mtu anajifanyia atakavyo. Kazi imegawanywa baina ya wakubwa kadhaa, na mwekezaji hukutana nao mmoja mmoja. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hutoa leseni inayotaja njia na hupanga kiwango cha juu cha nauli. Halmashauri humiliki stendi na hukusanya ushuru wake. Polisi wa usalama barabarani hukagua gari. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS na za wilaya ziko chini ya TARURA. Lakini swali la nani anapakia sasa na nani anasubiri, ambalo ndilo lenye fedha, halijibiwi na yeyote kati ya hao. Hujibiwa na wenye magari wenyewe na wasimamizi wao pale stendi, kwa daftari la zamu.

Zamu ni jambo rahisi. Gari linalofika kwanza linapakia kwanza, halitoki mpaka lijae au muda wake uishe, na linalofuata halina ruhusa ya kuita abiria. Wapiga debe hulipwa kwa kila gari linalojaa. Utaratibu huu umezuia ugomvi mwingi, lakini una gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi yoyote: gari la saba kwenye foleni linaweza kupakia saa tano asubuhi, wakati abiria wa asubuhi wamekwisha kwenda.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa kwa penseli. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya mabasi ya masafa ya daraja la kawaida kutoka Sh 41.29 hadi Sh 48.47 kwa abiria kwa kilometa moja ya lami, na daraja la kati kutoka Sh 56.88 hadi Sh 67.84. Kwa kiwango hicho cha daraja la kawaida, safari ya kilometa 100 ni Sh 4,847 kwa kichwa. Kosta yenye viti 28 ikijaa huingiza Sh 135,716. Ikirudi na abiria 14, huongeza Sh 67,858. Jumla ni Sh 203,574 kwa kwenda na kurudi. Gari likinywa lita 30 kwa kilometa hizo 200, na lita ya dizeli ikiwa Sh 2,800, mafuta ni Sh 84,000. Zinabaki Sh 119,574.

Sasa mwenye gari amemwambia dereva alete hesabu ya Sh 80,000 kila jioni. Ikiwa gari limepata mzunguko mmoja tu, zinabaki Sh 39,574 za dereva, konda, ushuru, wapiga debe na kuosha gari. Wanaridhika kwa shida. Likipata mizunguko miwili, wanapata posho nzuri na kesho wanaamka mapema. Lakini likirudi na abiria watano badala ya 14, mapato yote ya siku baada ya mafuta ni Sh 75,951, yaani hesabu haitimii hata kabla dereva hajanunua chai. Hapo ndipo mwenye gari huanza kusikia habari za pancha, za trafiki, za abiria kujazwa mpaka mlangoni, na mwisho za injini iliyochemka. Kumfukuza dereva hakubadilishi foleni. Deiwaka anayeletwa badala yake atakuta namba ileile ya zamu.

Jambo la pili ni kwamba kanda hii husafiri upande mmoja kwa wakati mmoja. Siku ya mnada, kama ule wa Mhunze wilayani Kishapu, magari hujaa kwenda asubuhi na kujaa kurudi jioni, lakini safari za katikati ni kubeba upepo. Msimu wa pamba unapofunguliwa katikati ya mwaka, mkulima ana fedha ya nauli. Miezi ya kilimo hutembea kwa miguu au hupanda baiskeli. Rashi ya dhahabu ni mbaya zaidi kwa mwenye basi. Watu wanaokimbilia shimo jipya huenda wote kwa wiki moja, na wakirudi, hurudi mmoja mmoja, wengine bila nauli. Tena leseni ya basi imetaja njia yake. Haliwezi kuiacha na kufuata rashi bila kibali.

Anayefuata rashi ni mchomoko. Jina hilo wamepewa Probox na magari madogo mengine yanayobeba abiria kwa masafa mafupi na ya kati, mara nyingi wakiwa wengi kuliko viti. Mchomoko hauna zamu ndefu, hujaa kwa watu wachache na kuondoka, na huingia barabara ya vumbi ambayo Kosta ingeacha springi. Wenye mabasi wamelalamika miaka mingi kwamba magari hayo yanawachukulia abiria bila kubeba gharama zao, na operesheni za kuyakamata huja na kupita. Malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo, abiria mwenye haraka hajali leseni ya mtu, na kwa kijiji cha machimbo kisicho na basi, mchomoko na bodaboda ndiyo usafiri wa umma uliopo. Mwekezaji anayepiga hesabu ya njia fulani bila kuhesabu michomoko inayosimama nje ya geti la stendi anajidanganya.

Mfano mkubwa wa siku hizi uko Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi basi la Mwanza kwenda Sengerema na Geita lilisubiri kivuko, na siku ya foleni lilipoteza saa nzima au zaidi pale majini. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa tatu na ushei, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Wengi walisema: biashara ya Geita imefunguka, tununue magari. Biashara imefunguka kweli, hilo halibishaniwi. Lakini tazama upande wa foleni. Gari lililokuwa likipata mzunguko mmoja na nusu kwa siku likiweza kupata miwili au zaidi, maana yake ni kwamba njia imeongezewa viti vingi bila hata basi moja jipya kununuliwa. Magari yaleyale yanarudi stendi mapema, yanajiandikisha tena, na daftari la zamu linarefuka. Abiria wasipoongezeka kwa kasi hiyohiyo, anayepata nafuu ni abiria, ambaye haongoji tena, na mwenye gari aliyekuwapo tangu zamani anayejua mahali pa kukaa katika foleni. Mgeni aliyekopa benki kwa sababu ya daraja anaingia mwisho wa mstari.

Daraja hilo linagusa hata Kahama. Mzigo na abiria wa Geita waliokuwa wakiona heri kuzunguka nchi kavu wana sababu ya kufikiri upya, na kinyume chake mtu wa Geita anaweza kuifanya Mwanza soko lake la kwenda na kurudi siku moja. Kwa anayetaka kuingiza gari kati ya Kahama na Geita, hilo ni la kuangaliwa kwanza.

Kuna wanaokwepa foleni kabisa kwa kukodisha mabasi kwa migodi, kubeba wafanyakazi wa zamu. Fedha yake haitegemei vichwa, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zimewapa wenyeji nafasi ya kuomba kazi za namna hiyo. Mgodi hudai gari bora, mikanda kila kiti na bima kamili, na hulipa baada ya ankara kupelekwa, si jioni ya siku ileile, hivyo anayeingia bila akiba ya mafuta ya miezi miwili hushindwa njiani. Na mkataba huishi kadiri mgodi unavyoishi. Buzwagi, uliofunguliwa Kahama mwaka 2009, ulimaliza uzalishaji mwaka 2021. Miaka 12 inatosha kulipa mkopo wa basi kwa aliyeanza mwanzoni, haimtoshi aliyenunua mwishoni.

Kuhusu mafuta, EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Nauli haifuati mwendo huo. Kabla ya nyongeza ya Desemba 2023 kulikuwa na ile ya Mei 2022, na kabla yake nauli za masafa zilikaa tangu 2013. Katikati ya nyongeza moja na nyingine, kila shilingi inayopanda kwenye pampu ni ya mwenye gari. Kwa mfano wa hapo juu, dizeli ikipanda Sh 300 kwa lita, mzunguko mmoja hupoteza Sh 9,000, karibu robo ya kile kilichobaki kwa dereva na wenzake.

Ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorudishwa mwaka 2023 baada ya kuzuiwa tangu miaka ya 1990, imeleta abiria wa saa kumi alfajiri, wanaoshushwa Tinde, Isaka au Kahama na mabasi ya Dar es Salaam wakitafuta gari la kuwafikisha kwao. Abiria hao hawasubiri daftari la zamu lifunguliwe saa 12. Baadhi ya magari yanayofanya vizuri zaidi katika kanda hii hayalali mjini kabisa. Yanalala kijijini, kwa mwenyeji wa dereva, yanatoka saa kumi na moja na akina mama wa sokoni na magunia yao, yanafika mjini yamejaa, na kurudi saa tisa alasiri na watu walewale. Ni mzunguko mmoja tu kwa siku, lakini umejaa pande zote mbili, na hakuna aliye mbele yake katika foleni.