Hofu ya Kuanguka

Mzee akiisha kuanguka mara moja, mara nyingi huingiwa na hofu. Hata asiyeanguka kamwe huogopa, kwa kuwa amesikia habari za jirani aliyevunjika nyonga. Hofu hiyo si ujinga, maana mifupa ya uzeeni ni myepesi kuvunjika. Lakini tazameni kazi yake. Mzee huacha kwenda shambani, kisha sokoni, kisha kanisani. Mwisho hushinda barazani. Misuli isiyotumiwa hupungua nguvu, naye siku ya kuinuka magoti humtetemeka. Hivyo hofu ya kuanguka humsogeza karibu na kuanguka.

Mwili husimama wima kwa msaada wa vitu vitatu. Macho huona ardhi; nyayo na viungo huhisi mtelemko; na ndani ya kila sikio mna mirija mitatu iliyopinda, yenye maji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kigeukapo. Simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, ufumbe macho, nawe utaona jinsi mwili unavyoyumba ukikosa kimoja tu. Uzeeni vyote vitatu hufifia. Kwa hiyo nguvu za miguu zahitajiwa zaidi.

Je, miguu ya mtu wa miaka 80 yaweza kusaidiwa na mazoezi? Madaktari wa mji wa Dunedin, katika New Zealand, walilijaribu jambo hilo kwa wanawake 233, wote wa miaka 80 na zaidi. Karibu nusu yao walifundishwa nyumbani mwao kuimarisha miguu na kutembea. Wengine walitembelewa kwa mazungumzo tu. Habari zao zilichapishwa mwaka 1997. Katika mwaka mmoja wale wa mazoezi walianguka mara 88, na wenzao mara 152.

Mazoezi ya namna hii hayana ajabu: kuinuka kitini, kusimama kwa vidole hali umeshika meza, kwenda kinyumenyume hatua chache. Aliye mgonjwa na amwulize daktari kwanza.

Wajukuu nao huharibu kwa mapenzi. Bibi akitaka kuinuka achukue kikombe, mjukuu husema, "Keti, bibi, nitakuletea." Ni adabu njema, wala hatuikatazi, lakini akiambiwa hivyo kutwa nzima, miguu yake itafanya kazi gani? Afadhali mjukuu aseme, "Twende pamoja, bibi." Auondoe mkeka uliojikunja na jembe lililoachwa mlangoni, asimame karibu naye, kisha amwache anyanyue mguu wake mwenyewe.