KILA MSUKUMO HUJIBIWA

Mtu akisukuma ukuta kwa mikono yake hudhani kwamba ni yeye peke yake asukumaye, na ukuta umetulia tu. Kwa kweli ukuta nao humsukuma yeye, kwa nguvu iliyo sawasawa na yake. Asiyeamini na asimame juu ya sakafu yenye utelezi, kisha asukume: ataona miguu yake ikirudi nyuma.

Jambo hili lilielezwa na mtaalamu wa Uingereza, Isaac Newton, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1687. Kanuni yake ya tatu yasema kwamba kitu kikisukuma au kuvuta kitu kingine, hicho cha pili nacho hukisukuma au kukivuta cha kwanza kwa nguvu iliyo sawa, ikielekea upande wa pili.

Wengi huuliza: ikiwa nguvu hizo mbili ni sawa, mbona moja haiiondoi nyingine, na vitu vyote vikasimama? Jibu ni kwamba hazitendi juu ya kitu kimoja. Bunduki ikilia, risasi husukumwa mbele, na bunduki husukumwa nyuma ikamgonga mpigaji begani. Nguvu ni sawa, lakini bunduki ni nzito mara nyingi kuliko risasi, kwa hiyo mwendo wake ni mdogo.

Lori nalo huenda kwa kanuni iyo hiyo. Gurudumu huisukuma barabara nyuma, na barabara hulisukuma gurudumu mbele. Wakati wa mvua, matope laini hayawezi kurudisha msukumo huo. Gurudumu huzunguka bure na kujichimbia shimo. Hapo haifai dereva akanyage mafuta zaidi. Afadhali atie mawe au matawi chini ya gurudumu, lipate kitu kigumu cha kusukuma.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika vyombo vya majini. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 akiruka kwenda pwani kutoka katika mtumbwi usiofungwa, wenye uzito kama wake, mtumbwi hurudi nyuma kwa mwendo ulio karibu sawa na ule wake wa kwenda mbele. Hivyo hatua aliyoipima kwa macho humpungukia, naye huanguka kati ya chombo na gati. Yafaa chombo kifungwe kwanza, au kishikwe na mtu aliye pwani, ndipo abiria washuke polepole, mmoja mmoja.

Hata watu wenye elimu wamepata kuikosea kanuni hii. Mwezi wa Januari 1920 gazeti la New York Times, huko Marekani, lilimdhihaki mtaalamu Robert Goddard kwa kusema kwamba roketi yaweza kwenda mahali pasipo hewa. Mwandishi alidhani kwamba roketi haina budi kuwa na hewa ya kusukuma nyuma yake. Lakini roketi haitegemei hewa ya nje. Huichoma shehena yake ya mafuta na kuutupa nyuma moshi wa moto kwa kasi kubwa, na moshi huo huisukuma roketi mbele. Tarehe 16 Machi 1926 Goddard alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya majimaji. Gazeti lilikiri kosa lake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini.

Pwani ya Kenya pia imeyaona mambo hayo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Ilichukua setilaiti ya kuchunguza nyota, nayo ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto kanuni hii hahitaji chombo cha thamani. Na alijaze puto pumzi, kisha aliachilie bila kulifunga. Hewa itatoka upande huu, na puto litaruka upande ule.