Unyevu wa Punje na Unyevu wa Hewa

Neno la Kiingereza "moisture" huwatatiza wanafunzi wengi, kwa kuwa kwa kawaida hutafsiriwa "unyevu", na tafsiri hiyohiyo hupewa "humidity". Katika sayansi maneno hayo mawili hayana maana moja. La kwanza ni maji yaliyomo ndani ya kitu, kama vile udongo au punje; la pili ni mvuke wa maji uliomo hewani, ambao afadhali tuuite unyevuanga. (Hata "rutuba" katika Kiarabu ni unyevu, kwetu neno hilo limehamia kwenye ardhi istawishayo mimea.)

Tuchukue mfano wa mkulima wa Nakwa, mjini Babati, aliyeanika mahindi yake. Akizishika punje huziona kavu. Lakini mkono hugusa ganda tu, hali maji yaliyosalia yamo ndani. Maabarani hupimwa gramu 50 za punje, zikakaushwa katika tanuri mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 42, maji yaliyotoka ni gramu 8; 8 ikigawanywa kwa 50 tunapata asilimia 16. Wapimaji wa udongo, kwa upande wao, hugawanya kwa uzito mkavu, na kwa njia hiyo jibu lingekuwa asilimia 19. Basi mwalimu hana budi kutaja kigawanyo. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Punje na hewa hupeana maji. Mahindi makavu yakikaa muda mrefu ghalani penye unyevuanga uzidio asilimia 70 hivi, hunyonya mvuke hata kuvu ikaweza kuota. Kuvu za aina fulani hutoa sumukuvu, isiyoonekana kwa macho wala kumalizwa kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao wakafariki.

Shule isiyo na tanuri yaweza kutia chumvi kavu pamoja na punje katika chupa kavu ya kioo, kuifunga, na kuitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa punje umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo. Ila jaribio hili haliwezi kutofautisha asilimia 14 na 13.