Mkono Mzito na Homa ya Usiku Mmoja: Maudhi ya Chanjo za Msimu kwa Watu Wazima

Kila mwaka, majuma machache kabla ya safari ya Hija, vyumba vya chanjo ambavyo kwa kawaida hujaa akina mama na watoto wachanga huanza kupokea wageni wa namna nyingine: wazee wenye kanzu na kofia, mabibi waliosindikizwa na wajukuu, na watu wa makamo walioshika hati zao za kusafiria. Wengi wao wana miaka mingi hawajachomwa chanjo yoyote. Uchungu wa sindano si jambo linalowasumbua sana. Kinachowatia wasiwasi ni yale wanayoyasikia barazani kuhusu siku zinazofuata: mkono kuwa mzito, mwili kuchoka, na hasa kwamba sindano ya mafua ndiyo iletayo mafua. Maneno hayo yana matokeo, kwa kuwa msafiri anayeyaamini hutafuta njia ya kuikwepa sindano, kisha huenda kukaa bega kwa bega na watu zaidi ya milioni moja.

Chanjo zinazohusika hapa ni mbili. Ya kwanza ni ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia huitaka kwa kila hujaji, nayo hutakiwa itolewe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Sharti hilo lilizaliwa na msiba. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ya aina A ilizuka miongoni mwa mahujaji, na mlipuko mkubwa ulioikumba Nairobi mwaka 1989 ulisababishwa na bakteria wa ukoo uleule. Mwaka 2000 ikazuka aina ya W, ambayo chanjo ya wakati ule, iliyokinga aina A na C pekee, haikuweza kuizuia. Ndiyo sababu leo hutakiwa chanjo yenye kukinga aina nne: A, C, W na Y. Kinga yake hutambuliwa kwa miaka mitatu au mitano, kutegemea namna chanjo ilivyotengenezwa. Aliyechanjwa mwaka jana hana haja ya kurudia mwaka huu, mradi cheti chake kipo.

Ya pili ni chanjo ya homa ya mafua, ambayo hupendekezwa kwa mahujaji, wahudumu wa afya, wazee, wajawazito na wenye maradhi ya muda mrefu kama kisukari, pumu na moyo. Hii ndiyo chanjo ya msimu hasa. Virusi vya homa ya mafua hubadilika, hivyo Shirika la Afya Duniani hupitia muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. Kinga ya mwaka uliopita haitoshi kwa mwaka huu.

Je, sindano hiyo yaweza kumpa mtu homa ya mafua? Haiwezi. Ndani yake mna virusi vilivyouawa, au vipande tu vya virusi, na kilichokufa hakizaliani. (Iko chanjo nyingine, ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, hiyo si sindano inayozungumzwa hapa.) Hata hivyo, jibu hilo peke yake haliwaridhishi watu, na wana haki ya kutoridhika, kwa kuwa mtu aliyechanjwa Jumatatu na kuamka Jumatano akiwa na kikohozi hawezi kuambiwa kwamba hakuugua.

Watafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, waliliendea swali hili kwa uangalifu mwaka 1994. Waliwagawa watu wazima zaidi ya 800 wenye afya njema katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa chanjo ya homa ya mafua. Jingine lilichomwa maji yasiyo na dawa, wala hakuna aliyejua alichochomwa. Baada ya wiki moja waliulizwa walivyojisikia. Katika kila watu 100 waliopata chanjo, takriban 64 waliumwa mkono. Waliopata maji matupu walikuwa takriban 24. Tofauti hiyo ni ya kweli, na ni ya chanjo. Lakini walipoulizwa kuhusu homa, uchovu, maumivu ya mwili na ya kichwa, makundi yote mawili yalitoa majibu yaliyokaribia kulingana. Homa, kwa mfano, iliwapata watu 6 hivi katika kila 100 kwa kila upande.

Maana yake ni kwamba katika wiki yoyote ile, watu kadhaa miongoni mwa mamia watachoka, wataumwa kichwa au watapata mafua, wawe wamechanjwa au hawajachanjwa. Aliyechanjwa ana kitu cha kukilaumu. Asiyechanjwa hulaumu jua, vumbi au safari. Isitoshe, kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka. Mtu aweza kuwa alikwisha kuambukizwa kabla ya kuchanjwa, pengine hata kwenye benchi la kusubiria, na mafua ya kawaida huletwa na virusi vingine kabisa ambavyo chanjo hii haivigusi.

Hayo hayaondoi ukweli kwamba baadhi ya watu hupata homa ndogo, baridi au maumivu ya misuli kwa siku moja au mbili kutokana na chanjo yenyewe. Chanjo ya uti wa mgongo nayo hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Ni kazi ya mwili unapokitambua kitu kigeni na kukiandalia askari. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi hupunguza uvimbe wa mkono, na mkono wenyewe uendelee kutumika kwa kazi nyepesi badala ya kufungwa. Parasetamo hutosha kwa homa. Kukanda kwa nguvu au kupaka mafuta ya taa mahali pa sindano huongeza madhara tu.

Yapo mambo machache yasiyopaswa kuvumiliwa nyumbani. Mzio mkali hutokea kwa takriban mtu mmoja katika dozi milioni moja, na kwa kawaida huanza mapema: uso na midomo kuvimba, vipele mwili mzima, kifua kubana, kizunguzungu. Hiyo ndiyo sababu muuguzi humwomba aliyechanjwa akae dakika 15 hadi 30 kabla ya kuondoka. Wengi huliona ombi hilo kama usumbufu, na wenye haraka hutoroka.

Adimu vilevile ni udhaifu wa misuli unaoanzia miguuni na kupanda, uitwao ugonjwa wa Guillain-Barré. Mwaka 1976 nchini Marekani, chanjo iliyotengenezwa dhidi ya homa ya nguruwe iliongeza wagonjwa wa aina hiyo kwa takriban mmoja katika kila watu 100,000, na kampeni ikasimamishwa Desemba mwaka huohuo. Kwa chanjo za miaka iliyofuata, pale ongezeko lilipoonekana, limekuwa mtu mmoja au wawili katika dozi milioni moja. Maambukizi ya homa ya mafua yenyewe pia yaweza kuuleta ugonjwa huo.

Maumivu ya bega yanayodumu kwa wiki kadhaa, hata mtu akashindwa kuinua mkono, huwa na chanzo kingine: sindano iliyochomwa juu mno, karibu na kiungo. Mahali pake ni kwenye nyama ya mkono, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Mwenye kanzu au gauni la mikono mirefu ni vema alivue bega lote, asikunje nguo hadi nusu na kumlazimu muuguzi kubahatisha.

Kabla ya kuchomwa, muuguzi aambiwe kama mtu ana homa kali siku hiyo, kama aliwahi kupata mzio mkali wa chanjo, kama aliwahi kuugua Guillain-Barré, au kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Shinikizo la damu na kisukari si vizuizi.

Tatizo lolote lisiloisha baada ya siku tatu, au linalotisha hata kabla ya hapo, lipelekwe zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, pamoja na kadi ya chanjo. Kwenye kadi hiyo pawe pameandikwa tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo lake; mgonjwa aeleze saa dalili zilipoanza. Mtoa huduma hujaza fomu ya taarifa za maudhi, ambayo hupitia kwa mratibu wa chanjo wa wilaya hadi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kujaza fomu hiyo ni bure, na mgonjwa anaruhusiwa kuiomba ijazwe hata pale asipokuwa na hakika kwamba chanjo ndiyo chanzo.