Kabla ya Kulipia Kisima: Ramani ya Maji Ardhini Inasema Nini na Haisemi Nini

Anayenunua baiskeli huiona na kuijaribu kabla ya kutoa fedha zake. Anayelipia kisima kirefu hulipia kitu ambacho hakijaonwa na mtu yeyote, si mnunuzi wala mchimbaji. Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya kaya, shule na vikundi vya watumia maji katika Isikizya na vijiji vingine vya Wilaya ya Uyui, ambao huonyeshwa ramani au taarifa ya utafiti na kuambiwa kwamba mahali fulani “pana maji”. Tunataka msomaji aelewe thamani ya kauli hiyo, na aelewe pia ukomo wake.

Ardhi ya Tabora

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Tabora imekaa juu ya matale, yaani granaiti, miamba ya kale mno ambayo ikiwa nzima haihifadhi maji. Maji hupatikana mahali pawili: katika tabaka la juu, ambamo mwamba umeoza kwa muda mrefu ukawa changarawe na udongo, na katika nyufa zilizo chini ya tabaka hilo. Unene wa tabaka na wingi wa nyufa hubadilika katika masafa mafupi. Ndiyo maana kisima kimoja hutoa maji, na kingine kilichochimbwa hatua chache tu kutoka hapo kikatoka kikavu.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikiogopa kipande cha Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, kwa sababu ya uhaba wa maji. Safari ilipangwa kwa kufuata mahali palipojulikana kuwa na maji, si kwa kubahatisha.

Ramani hutengenezwaje

Ramani ya makadirio ya maji ardhini hujengwa juu ya kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa: mahali kilipo kila kisima, kina chake, aina ya udongo na mwamba uliopitiwa, kina cha maji yakiwa yametulia, na kiasi cha maji kilichopimwa. Wataalamu huongeza ramani za miamba na picha za setilaiti zinazoonyesha mistari ya nyufa, kisha hukadiria hali ya maeneo ambayo hayajachimbwa. Kwa Mkoa wa Tabora, kazi ya namna hii ilifanywa katika utafiti wa maji vijijini ulioendeshwa na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, pamoja na Wizara ya Maji, kati ya mwaka 2009 na 2011.

Njia hiyo hutumika pia kwingineko. Kaskazini mwa Marekani, barafu kubwa za kale ziliacha matabaka ya mchanga, kokoto na udongo, na huko Shirika la Jiolojia la nchi hiyo limetumia kumbukumbu nyingi za wachimbaji kuchora ramani za makadirio ya uwezo wa visima. Tofauti ni mbili. Kwanza, matabaka ya mchanga na kokoto huweza kuenea mbali, ilhali ufa katika tale huweza kuwa mwembamba kuliko mlango wa nyumba. Pili, penye kumbukumbu chache, makadirio hubeba shaka kubwa zaidi. Kwa hiyo rangi nzuri juu ya ramani ya Uyui maana yake ni kwamba uwezekano wa kupata maji katika eneo hilo ni mkubwa kuliko katika eneo jirani. Haina maana kwamba kiwanja chako kina maji. Ramani husaidia kuchagua mahali pa kufanyia utafiti; utafiti wa vipimo kiwanjani husaidia kuchagua nukta ya kuchimba; na uchimbaji pekee ndio unaothibitisha.

Kiasi gani cha maji kinatosha?

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, na umbali usizidi mita 400 kutoka kwenye makazi. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku.

Sasa tulinganishe. Kisima kinachotoa lita 0.1 kwa sekunde hutoa lita 360 kwa saa. Kingehitaji zaidi ya saa 17 kila siku ili kutosheleza watu hao. Kisima cha lita 0.3 kwa sekunde hutoa lita 1,080 kwa saa, nacho kingemaliza kazi hiyo kwa muda usiofika saa 6. Vyote viwili vinaweza kuitwa “kisima chenye maji”, lakini cha kwanza kitaacha foleni ya ndoo hadi usiku. Usikubali neno “maji yapo” bila tarakimu.

Jaribio la pampu

Wakati wa kuchimba, mashine husukuma hewa kwa nguvu na maji huruka juu. Watu hushangilia, na wengine hulipa papo hapo. Tunashauri wasilipe bado. Maji hayo yanaonyesha tu kwamba mwamba una maji. Hayaonyeshi kisima kitatoa kiasi gani mwaka mzima.

Kipimo sahihi ni jaribio la pampu: maji hutolewa kwa kiasi kisichobadilika kwa saa nyingi, huku kina cha maji ndani ya kisima kikipimwa na kuandikwa. Kina kikishuka kisha kikatulia, kisima kinamudu kiasi hicho. Kikiendelea kushuka, hakimudu. Pampu ikizimwa, hupimwa pia muda ambao maji huchukua kurudi mahali pake.

Msomaji anaweza kuhakiki mwenyewe. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye bomba, hesabu sekunde hadi ijae, kisha gawanya 72,000 kwa idadi ya sekunde hizo. Jibu ni lita kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 60, kisima kinatoa lita 1,200 kwa saa.

Zingatia pia majira. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Kisima kilichopimwa mwezi Machi huonekana bora kuliko kitakavyokuwa mwezi Oktoba. Kikipimwa wakati wa mvua, mtaalamu aandike kiasi salama kwa kiangazi.

Mambo ya kudai katika mkataba

1. Leseni ya mchimbaji na vibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Sehemu kubwa ya maji ya Uyui huelekea Bonde la Ziwa Tanganyika. Ofisi ya bonde itakueleza ni kibali gani kinahitajika kwa matumizi yako.
2. Bei zilizotenganishwa: utafiti, kila mita inayochimbwa, mabomba ya kisima, jaribio, na pampu.
3. Kifungu kinachoeleza nani atabeba gharama endapo kisima kitatoka kikavu.
4. Pampu inunuliwe baada ya jaribio. Pampu kubwa kuliko kisima hukausha kisima na kuungua.
5. Maji yapimwe maabara, pamoja na floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.
6. Nakala ya kumbukumbu za kisima ibaki kwako, na nyingine ifike kwenye Bodi ya Bonde.

Sharti la mwisho hupuuzwa na wengi, kwa kuwa halionekani kuwa na faida kwa mlipaji. Lakini pampu ikiharibika baada ya miaka, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia fundi ashuke mita ngapi. Hata kisima kikavu kinastahili kuandikwa, ili jirani asipoteze fedha zake mahali pale pale.