Uliza Hesabu Kabla ya Kuongeza Pesa

Wafanyabiashara wenzangu, somo la leo linatoka kwa Uchumi, zile supamaketi za Kenya. Mwaka 2006 zilifungwa kwa madeni, 2011 hisa zake zikarudi soko la Nairobi. Mwishoni mwa 2014 wenye hisa wakaombwa waongeze pesa, wakaongeza. 2015 bodi ikamfukuza mkurugenzi mkuu, na hesabu za mwaka huo zikaonyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3.

Mwenye hisa 100 peke yake hawezi kumtoa bosi. Lakini ana haki ya kusoma hesabu, kwenda mkutano mkuu wa mwaka, na kuuliza.

Sisi wa mtandaoni tunachanga mtaji na rafiki au dada. Ukiambiwa "ongeza kidogo", uliza kwanza:

1. Tunadaiwa ngapi, na nani?
2. Mzigo uliobaki ni wa shilingi ngapi?
3. Pesa ya kwanza ilienda wapi?
4. Taarifa ya M-Pesa iko wapi?

"Usijali, mambo yatakaa sawa" sio hesabu.

Na kama wewe ndiye unashika pesa, sema hasara mapema, kabla hujaulizwa. Mwenzio akijua mapema, bado kuna mtaji wa kuokoa.